Ukuta Unaouma

Picha ya marehemu mzee Abdurahman ilifika Msambweni kwa tuktuk, imefungwa kwa leso mbili, na bintiye Twaiba aliipakata njia nzima kutoka Ukunda kama mtu anayempakata mgonjwa. Mwenye studio alikuwa ameikuza hadi ikawa kubwa kama dirisha, akaitia fremu nene ya alumini na kioo kizito. Mzee alipigwa picha hiyo siku ya nikaha ya Twaiba, amevaa kanzu nyeupe, macho yameelekea kando kidogo, kana kwamba kuna mtu amemwita. Maisha yake yote alikuwa mkwezi wa minazi huko Munje. Mkewe alipofariki alimlea Twaiba peke yake, na hakuacha picha nyingine yoyote.

Nyumba ambako picha hiyo ililetwa ilikuwa mpya. Swabir, mumewe Twaiba, alikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya Diani. Aliijenga chumba baada ya chumba kwenye kiwanja alichoachiwa na babake, na walihamia harufu ya rangi ikiwa bado inawasha macho. Walihamia na binti yao Yusra, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na mamake Swabir, Bi Mbeyu, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa asiweze tena kuishi peke yake.

Twaiba alipozifungua zile leso, Bi Mbeyu aliitazama picha, akashusha pumzi.

"Babako alikuwa mtu mwema, mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini sura ya mtu ukutani! Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sura."

"Simwabudu, mama. Namtazama tu."

"Najua humwabudu. Nasema lile nililofunzwa."

Hakuna aliyepaza sauti. Bi Mbeyu hakuwa mwanamke wa kelele, na hilo ndilo lililomwumiza Twaiba zaidi, maana mtu wa kelele unaweza kumjibu. Swabir alikaa katikati yao akikuna kidevu, kisha akatoa shauri: picha itundikwe ukumbini, kwenye ukuta wa pembeni, mahali ambapo mama hataielekea anaposwali. Bi Mbeyu akasema nyumba ni ya mwanawe. Mambo yakaishia hapo, au walidhani hivyo.

Jumapili mchana Swabir alishika nyundo.

"Nitundike wapi?"

"Hapo juu ya swichi," Twaiba akasema. "Mtu akiwasha taa, amwone yeye kwanza."

Swabir aliuinua mkono, kisha akauacha hewani. Aliutazama ukuta, akaitazama swichi, akautazama ukuta tena.

"Hapo hasa?"

"Hapo. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akachagua msumari mrefu, ule mgumu wa kugongea zege, akaupiga hadi ikabaki nje shingo yake tu, urefu wa kidole. Nyuma ya fremu alifunga waya wa chuma, akaukunja mara mbili na kuusokota kwa koleo. Kabla ya kuitundika picha, aliushika ule msumari kwa mikono miwili akajining'iniza, miguu ikiacha sakafu, na Yusra akapiga makofi kwa kucheka.

"Picha nzito kazi yake ni kuanguka," alisema akihema. "Hii haianguki hata ardhi itetemeke."

Na kweli haikuanguka.

Siku chache baadaye, baada ya adhana ya magharibi, Twaiba alitoka kutia udhu akapita ukumbini miguu ikiwa bado inachuruzika maji. Taa ilikuwa imeshawashwa. Aliona fremu imeinama upande mmoja, akanyoosha mkono aiweke sawa.

Kitu kilimuuma. Kilimwingia kwenye ncha za vidole kama siafu mia moja, kikapanda hadi kwenye kiwiko, kikamwachia. Alirudi nyuma akiwa ameushika mkono wake kifuani. Babake aliendelea kutazama kando.

Bi Mbeyu, aliyekuwa kwenye mswala chumbani, aliuliza, "Kuna nini huko?"

"Hakuna, mama. Nimejikwaa."

Asubuhi iliyofuata, taa imezimwa na Swabir ameshaenda kazini, Twaiba aliigusa tena fremu kwa kidole kimoja. Baridi, kimya. Akaigusa kwa kiganja kizima. Hakuna kitu. Akacheka peke yake. Jioni, baada ya magharibi, alirudi, akaigusa kwa ukucha tu, na kile kitu kikamdaka tena.

Basi ukuta huu hauumi mchana. Unauma magharibi ikishaingia, saa ile ambayo watu wa kwao Munje huwaita watoto ndani na kufunga madirisha.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Akimwambia Bi Mbeyu, atajibiwa kwa upole ule ule kwamba alionywa. Akimwambia jirani, habari itafika kisimani kabla yake. Alichofanya ni kulisogeza kochi mbali na ule ukuta, ili Yusra asipate pa kupandia.

"Mbona kochi limehama?" Bi Mbeyu aliuliza.

"Nimetaka kufagia nyuma yake."

"Halikurudi."

"Litarudi, mama."

Halikurudi. Mvua za masika zilipoanza, ukuta ule ulizidi. Taa ilikuwa ikififia na kurejea, kama jicho lenye usingizi. Kuzunguka msumari kulitokea doa la rangi ya chai, na kila asubuhi Twaiba aliliona limetambaa kidogo zaidi. Jioni moja aliweka sikio karibu na plasta, bila kuigusa, akasikia mvumo mwembamba kama wa nyuki walio mbali.

Kisha Bi Mbeyu akampata mjusi kafiri. Alikuwa amekauka juu ya fremu, miguu miwili kwenye alumini na miwili kwenye ukuta, mdomo wazi. Bi Mbeyu alimwangusha kwa kijiti cha ufagio, akamgeuzageuza sakafuni.

"Huyu hakufa kwa njaa," alisema. "Huyu amechomeka."

Walitazamana, yeye na mkaza mwanawe, na kila mmoja akangoja mwenziwe aseme. Bi Mbeyu aliinama akamzoa mjusi kwa kipande cha gazeti.

Jioni ya siku hiyo Twaiba alimkuta mama mkwe amesimama mbele ya picha, kikombe cha maji mkononi, midomo ikicheza. Alipomaliza kunong'ona aliyapulizia yale maji, akayanyunyiza sakafuni chini ya ukuta. Twaiba akarudi jikoni kimyakimya. Tangu hapo alianza kumwogopa. Alipika akiwa ameupa mgongo ukuta badala ya mlango. Chai aliyoachiwa na Bi Mbeyu kwenye chupa aliimwaga. Alijiambia: mwanamke huyu ameitia picha ya babangu kitu, ili niishushe kwa mkono wangu mwenyewe.

Usiku huo alimjaribu mumewe.

"Baba Yusra, ndani ya ule ukuta mna nyaya za stima?"

Swabir alikuwa akivua shati. Hakugeuka.

"Nyaya zimepita juu, darini."

"Zote?"

"Zote. Nyumba yangu haina kasoro, Twaiba. Nani amekwambia ina kasoro?"

"Nimeuliza tu."

"Basi lala."

Mwaka ulipotimia tangu mzee Abdurahman afariki, Twaiba aliandaa khitma. Wanawake wa mtaa waliitwa waje wasome asubuhi, kabla joto halijawa kali. Lakini siku hiyo hapakuwa na joto. Mbingu ilikuwa imefunga tangu alfajiri, mvua ikinyesha kwa kishindo juu ya mabati, na ndani palikuwa na giza hata ikabidi taa ya ukumbini iwashwe. Twaiba alipiga deki sakafu ya simiti, akaiacha iking'aa maji, akaenda jikoni kutazama sufuria ya pilau. Swabir alikuwa kazini.

Kwanza alisikia Yusra akicheka. Kisha akasikia sauti nyingine, nzito, ya kukatika, kama mtu anayekoroma huku yuko macho.

Alipotokea mlangoni alimwona Bi Mbeyu amesimama ukutani, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Kitambaa kibichi kilikuwa kimebanwa kati ya kiganja chake na fremu. Mikono yote miwili ilikuwa imeishika picha, na mwili wake ulikuwa ukitetemeka wote, kidogokidogo, kama jani. Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa yakimtazama Twaiba.

"Bibi!" Yusra alisema, akamwendea bibi yake ashike leso yake. "Bibi!"

Twaiba hakukumbuka baadaye alivyoruka. Alimdaka mtoto kwa mkono wa gauni, akamtupa kwenye kochi, akageuka amshike Bi Mbeyu mabega. Mkono ulikuwa umeshafika karibu, nywele zake zimesimama, ndipo aliporudi nyuma kwa nguvu. Swichi ilikuwa chini tu ya ile mikono, na ukuta wote kuizunguka ulikuwa umelowa, haikuguswa. Alikimbia jikoni, akautoa mchi kwenye kinu, akarudi.

"Nisamehe, mama," alisema, akapiga.

Pigo la kwanza liliteleza. La pili liliangukia mkono wa kulia, na mfupa ukalia. La tatu likaing'oa mikono kutoka kwenye fremu, na Bi Mbeyu akaanguka chali sakafuni kama gunia. Picha ilibaki pale pale, imara, haikusogea hata unywele.

Hivyo ndivyo wageni wa khitma walivyomkuta. Kavenya, jirani yao Mkamba auzaye mboga barabarani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma mlango, mwavuli mkononi, na nyuma yake wanawake wengine wenye misahafu vifuani. Walimwona Bi Mbeyu yuko chini, mkono umepinda pasipo na kiungo, mtoto analia kwenye kochi, na Twaiba amesimama juu ya mama mkwe wake akiwa na mchi.

"Aki Mama Yusra," Kavenya alisema polepole. "Umemfanya nini mama wa watu?"

"La hawla! Amemuua mkwewe," akasema mmoja nyuma, na mwingine akarudi kinyumenyume, akanyoosha mkono ategemee ukuta.

"Msiguse!" Twaiba alipiga kelele ambayo hajawahi kuitoa maishani mwake. "Msiguse ukuta! Zimeni stima! Swichi kubwa, nje, karibu na mita! Ukuta unaua!"

Yule mwanamke aliuondoa mkono. Kwa dakika nzima hakuna aliyejua kama amwamini au amkimbie. Kisha Kavenya akavitazama viganja vya Bi Mbeyu, vilivyokuwa na mistari myeusi, akanusa, akatupa mwavuli na kukimbilia nje kwenye mvua. Taa ikazimika. Mvumo ambao Twaiba alikuwa ameuzoea masikioni ukakatika nao, na hapo tu ndipo alipojua ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Bi Mbeyu alikuwa akipumua, kwa taabu, kama samaki aliyetolewa majini. Walimbeba kwa mkeka hadi kwenye tuktuk.

Hospitali walisema mkono umevunjika, viganja vimeungua, na moyo unahitaji kuangaliwa. Mtaani watu walisema yao. Wapo waliosema umeme, na wapo waliosema mchi. Shutu, binti wa Bi Mbeyu aliyeolewa Ukunda, alikaa kando ya kitanda akamzuia Twaiba asikaribie.

"Mama hatalishwa na mkono uliompiga," alisema.

Twaiba alikaa nje kwenye benchi na chakula chake kwenye bakuli, akarudi nacho nyumbani, kesho yake akaja tena. Swabir alikuwa akipita mbele yake, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Hakumuuliza mkewe lolote, na Twaiba aliona ajabu, maana kila mtu mwingine alimuuliza.

Bi Mbeyu alipopata sauti, neno lake la kwanza alimwambia Shutu. "Mwache aingie. Aliyenipiga ndiye aliyenitoa." Kisha akamtuma bintiye akamtafutie dafu.

Walipobaki wawili, Bi Mbeyu alimgeukia Twaiba. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwiko.

"Ulijua?"

Twaiba alikuwa ameshaandaa maneno mengi kwenye lile benchi. Yote yalimtoka kichwani.

"Nilijua ukuta unauma, mama. Sikujua unaua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile picha ilipotundikwa. Ulikuwa unauma magharibi tu. Mchana hauna neno. Nikaogopa utasema malaika wamekimbia. Kisha nikakuona unanuiza maji pale chini, nikadhani... Nilikudhania vibaya sana."

Bi Mbeyu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Ukuta uliniuma mimi pia," alisema. "Jioni, niliposhika swichi na bega langu likaigusa ile fremu. Nikanyamaza. Nikasema, nikitamka, Twaiba ataona nimetunga uongo ili picha ya babake iondoke. Yale maji niliyasomea Ayatul Kursi, nilidhani kuna kitu kimeingia nyumbani. Na siku ya khitma nikasema, asubuhi hakiumi, acha nimpanguse mzee wa watu vumbi kabla wageni hawajaja. Nilitaka ukitoka jikoni umkute safi."

Twaiba aliweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, akalia. Bi Mbeyu hakuwa na mkono wa kumshika nao.

Ndipo walipomwona Swabir. Alikuwa mlangoni, na ilionekana alikuwa pale kwa muda.

"Si kitu kilichoingia," alisema. "Ni nyaya. Fundi alizilaza ndani ya plasta hivi hivi, bila mabomba ya kuzikinga. Aliniambia tusubiri mabomba, nami nilitaka tuhamie. Nikamwambia apige plasta juu yake."

"Nilikuuliza," Twaiba alisema. "Ukaniambia zimepita darini."

"Uliniuliza."

"Na siku ile uliposhika nyundo ukasita."

"Nilidhani zimepita upande mwingine." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Kisha nikaona hakuna aliyelalamika. Nikasema basi, nimesalimika."

Bi Mbeyu aligeuza uso ukutani. "Toka, Swabir," alisema. "Si kwa ubaya. Toka tu, nipumzike."

Fundi mwingine, Mwendwa, ndiye aliyeufungua ukuta. Stima ilikuwa imekatwa kwenye mita, na hata hivyo aliutazama ule msumari kwa muda kabla ya kuushika. Plasta ilibomoka kwa vipande vyenye unyevu. Waya uliokuwa ukipanda kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa ulikuwa umechubuliwa na msumari, shaba iking'aa kama jino. Taa ikizimwa, waya ule haukuwa na umeme. Ikiwashwa, umeme ulipita kwenye msumari, ukaingia kwenye waya wa nyuma ya picha, ukaenea fremu nzima na kwenye plasta iliyolowa. Ndiyo maana uliuma jioni, na ndiyo maana asubuhi ile ya giza haukungoja magharibi.

Mwendwa hakuishia hapo. Alichukua kipande cha mkaa, akazunguka vyumba vyote akigonga na kukwangua, akichora mahali nyaya zilipopita. Hazikupita wima wala mlalo kama nyaya za watu. Zilikatiza kuta mshazari, kwa njia ya mkato, kama mtu anayekimbia mvua. Mstari mmoja ulitoka ukumbini ukaingia chumbani, ukashuka juu ya kitanda cha Yusra, ukapita kando ya msumari ulioshika chandarua chake. Kati ya mkaa na msumari pangeingia kidole cha mtoto, si zaidi.

Swabir alikaa chini sakafuni, kichwa mikononi.

Twaiba alisimama akiutazama ule mstari mweusi. Alikikung'uta kitanda cha mwanawe, akazikunja nguo zake ndogo moja moja, akazifunga kwenye leso. Kisha akamwambia mumewe:

"Tunakwenda Ukunda kwa Shutu. Mama akitoka hospitali hataweza kujilisha, na mimi ndimi niliyemvunja mkono. Usitufuate mpaka kuta hizi zimefunguliwa zote, na mtu mwingine, si wewe, aje aniambie ni salama."

"Nitamwambia Mwendwa."

"Mwambie."

Shutu aliwapokea mlangoni bila tabasamu, lakini aliwapokea. Bi Mbeyu aliletwa huko alipotoka hospitali, na Twaiba akawa anamlisha kwa kijiko asubuhi na jioni. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Bi Mbeyu havikurudi kuhisi kitu. Siku za mwanzo alikula akiwa ameinamisha macho. Siku moja alisema ugali una chumvi, na Shutu akacheka, maana ugali hautiwi chumvi, na Twaiba akajua ulimi wa utani wa mama mkwe wake umeanza kurudi.

Huko Msambweni Swabir alikuwa akirudi kutoka kazini, anavua shati la hoteli, anashika patasi na nyundo, na anazichimbua kuta zake mwenyewe hadi jua linapozama. Nyumba haikuwa na taa, kwa hiyo giza likiingia aliacha. Kavenya alikuwa akimpitishia mboga, akimkuta ameketi kizingitini amejaa vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Siku moja alimuuliza kama hapendi kuingia ndani apumzike.

"Chumba cha mtoto bado sijakichimbua," alijibu. "Kile nakiogopa."